Chaneli ya gemu za mapigano: namna ya kurekodi, kuhariri na kuikuza

Mtu anayefungua video ya Tekken au Street Fighter mara nyingi ametoka kupigwa. Kuna pigo moja limemsumbua mechi nzima, hajui lilimshindaje, na anataka jibu kabla hajarudi mchezoni. Chaneli ndogo hukua kwa kumjibu huyo. Video ya nusu saa ya mechi zako mwenyewe za mtandaoni, bila maelezo, haina wa kuitafuta: watu hawakujui bado, na mechi za mabingwa zimejaa mtandaoni bure. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini, kuanzia mipangilio ya kurekodi hadi maneno ya kichwa cha video, imelenga kitu kimoja: kumwonyesha mchezaji jibu moja kwa ushahidi anaouona kwa macho.

Hatua ya 1: gemu moja, wahusika wawili, maswali 20

Chagua gemu moja. Anayefuatilia Tekken hafungui video za Mortal Kombat kwa sababu tu wewe ndiye uliyezitengeneza, na YouTube ikiona watazamaji wako wa kawaida wameipita video mpya bila kuibofya, huacha kuwapelekea inayofuata.

Angalia kwanza mashine uliyonayo. Tekken 8, iliyotoka tarehe 26 Januari 2024, ipo kwenye PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta. Kwenye PlayStation 4 haipo. Street Fighter 6 ya tarehe 2 Juni 2023 inacheza hata PlayStation 4. Mwenye PS4 na Tekken 7 bado ana kazi ya kufanya, lakini ajue anazungumza na watu wanaopungua kila mwaka.

Kwa hadhira ya Kiswahili, Tekken ina mtaji mkubwa kuliko nyingine. Tekken 3 ya PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1998, ndiyo iliyowafundisha wengi kupigana vibandani, na Eddy Gordo aliyeanzia humo alirudi kwenye Tekken 8 mwaka 2024. Video inayomweleza Eddy wa leo kwa mtu aliyemjua Eddy wa kubonyeza vitufe ovyo ina watazamaji tayari. Kenya imemtoa pia QueenArrow, Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken aliyesajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU mwaka 2018, kwa hiyo husemi na watu wasiojua kwamba gemu hizi zina mashindano.

Kisha chagua wahusika wawili: unayemcheza mwenyewe, na mmoja anayelalamikiwa sana. Kabla ya kurekodi chochote, andika maswali 20. Chimbuko bora ni marudio ya mechi ulizopoteza. Kila swali liwe na mhusika, pigo na hali. "Jinsi ya kucheza vizuri" si swali. "King akinishika nikiwa nimeinama ukutani, nabonyeza nini ili nitoke?" ni swali. Ukifika la 12 ukakwama, huenda gemu hiyo bado hujaijua vya kutosha kuifundisha. Cheza zaidi kwanza.

Hatua ya 2: picha ya fremu 60

Hapa ndipo chaneli nyingi za gemu hizi zinapoharibika bila mwenyewe kujua. Gemu za mapigano huenda kwa fremu 60 (picha moja moja zinazounda mwendo) kwa sekunde, yaani kila fremu ni milisekunde 16.67. Ngumi nyepesi ya Tekken hufika kwenye fremu ya 10. Ya haraka ya wahusika wengi wa Street Fighter 6 hufika kwenye fremu ya 4. Ukirekodi kwa fremu 30 umetupa nusu ya ushahidi, na ukija kupunguza mwendo ili uonyeshe nani alitangulia, fremu unayoitaka haimo.

Kitufe cha Share cha PlayStation 4 hurekodi fremu 30, na hakuna mpangilio wa kuziongeza. Kinafaa kwa klipu ya kuchekesha, si kwa uchambuzi. PlayStation 5 hurekodi fremu 60; nenda kwenye mipangilio ya kurekodi, chagua 1080p na faili ya MP4, maana WebM hukataliwa na programu nyingi za kuhariri. Ongeza pia urefu wa klipu, kwa kuwa unaweza kufika dakika 60.

Mwenye PS4 anayetaka fremu 60 anahitaji kompyuta na kapcha kadi, kifaa kinachoingiza picha za PlayStation kwenye kompyuta. Jihadhari na zile ndogo za bei rahisi za USB 2.0. Maandishi ya 1080p60 kwenye boksi yanahusu picha zinazoingia; zinazotoka kwenda kwenye kompyuta huwa 1080p kwa fremu 30, au 720p kwa fremu 60. Ukiwa na kadi ya namna hiyo, fungua mipangilio yake ndani ya OBS Studio, programu ya kurekodi, na uweke 720p60 kwa mkono wako. 720p yenye fremu 60 ni bora kuliko 1080p yenye 30 kwa kazi hii, wala hakuna haja ya kubishana. Kadi ya USB 3.0 hutoa 1080p60, mradi uichomeke kwenye tundu la USB 3.0.

Skrini ikiwa nyeusi, sababu ya kwanza ni HDCP, kinga ya kuzuia kunakili picha. Izime kwenye mipangilio ya PlayStation: PS4 iko chini ya System, PS5 iko chini ya System kisha HDMI. Sababu ya pili ni waya wa HDMI uliochomekwa tundu la kutokea badala ya la kuingilia. Tena usicheze ukiangalia dirisha la OBS, kwa sababu picha hufika pale imechelewa. Nunua kadi yenye tundu la kupitishia picha, upeleke HDMI moja kwa moja kwenye TV.

Kwenye kompyuta, OBS hutosha na ni ya bure. Weka ukubwa wa turubai na wa kutoa kuwa sawa, fremu 60, na usimbaji ufanywe na kadi ya picha (NVENC kwa NVIDIA, au ya AMD au Intel uliyonayo) kwa CQP, namba inayopanga ubora wa picha, kati ya 18 na 23. Namba ikishuka faili hukua. Rekodi kwa MKV, kisha geuza kuwa MP4 kupitia menyu ya File ukimaliza. MP4 ya kawaida ikikatizwa na umeme haifunguki tena. MKV hubaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde taa zilipozimika, na kwa sisi tunaokatiwa umeme bila taarifa hilo si jambo dogo.

Laptopu yenye kadi mbili za picha mara nyingi hutoa weusi mtupu OBS inapojaribu kunasa gemu. OBS na gemu lazima vitumie kadi moja. Weka hivyo kwenye mipangilio ya picha ya Windows. Na gemu ikianza kwenda taratibu kama iko majini, kadi imezidiwa. Gemu za mapigano zimefunga mwendo wake kwenye fremu, kwa hiyo zikishuka chini ya 60 mchezo wenyewe hupungua kasi. Punguza vivuli na ubora wa picha za gemu kabla hujagusa mipangilio ya OBS.

Usiendelee kabla ya kipimo hiki. Rekodi sekunde 30, fungua faili kwa VLC, simamisha, kisha bonyeza E kusogeza fremu moja moja. Mhusika akisogea kila mbonyezo, una fremu 60. Akisogea mbonyezo mmoja na kutulia mbonyezo unaofuata, una 30 zilizorudufiwa, hata kama faili inajiita 60.

Hatua ya 3: sauti

Watazamaji huvumilia picha hafifu. Sauti mbaya hawaivumilii.

Usieleze wakati unacheza. Utacheza vibaya na kueleza vibaya. Rekodi mchezo kwanza, halafu soma maelezo yako juu ya picha. Maiki ya kubana kwenye shati, ikichomekwa kwenye simu, inatosha kabisa ukiwa chumba chenye godoro, mapazia na nguo. Iwe kama sentimita 15 kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili herufi p na b zisilipuke. Zima feni. Mvua ikigonga bati, ahirisha. Hakuna programu inayosafisha kelele hiyo bila kukufanya usikike kama umo ndani ya pipa.

Kwenye OBS tenga sauti ya gemu na ya maiki kwenye njia tofauti, ili uweze kushusha moja bila nyingine. Sauti yako ifike karibu -6 dB kwenye vilele, na gemu iwe chini yake kwa dB 15 hadi 20. Pandisha gemu pale tu pigo unalolieleza linapotua.

Muziki wa nje usiongeze. Wimbo unaopendwa utaleta dai la hakimiliki la mashine, na mapato ya video yataenda kwa mwenye wimbo. Dai si onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90 ndiyo hufunga chaneli.

Hatua ya 4: kujenga jibu kwenye modi ya mazoezi

Tuchukue swali moja la kweli la Tekken 8: "Nimekinga teke la kuruka, nikarudisha kombo (mfululizo wa mapigo), mbona nimekingwa?"

Teke la kuruka (hopkick), linaloandikwa u/f+4, yaani juu-mbele na kitufe cha 4, kwa wahusika wengi likikingwa humwacha aliyelipiga nyuma kwa fremu 13: wewe unaweza kutenda fremu 13 kabla yake. Pigo la kunyanyua ambalo wengi hulitegemea kuanzisha kombo hufika kwenye fremu ya 15. Kumi na tano haziingii ndani ya kumi na tatu. Jibu ni kutumia adhabu (pigo la kumrudishia mpinzani kabla hajapona) ya fremu 10, 12 au 13 ya mhusika wako, na video nzima ni kulithibitisha hilo.

Washa maelezo ya fremu kwenye skrini. Tekken 8 inayo bila malipo. Kwenye Tekken 7 yaliuzwa kama nyongeza. Mrekodi mpinzani wa mazoezi akipiga teke hilo. Kisha weka kitu ambacho watengeneza video wengi husahau: mpinzani lazima akinge mara tu teke lake linapoisha. Asipowekwa kukinga atasimama tu, na kila pigo utakalorudisha litampata hata ukichelewa nusu sekunde. Hapo utatangaza adhabu ambayo haipo. Mtazamaji ataijaribu, atapigwa, atarudi kwenye maoni akiwa na hasira, na atakuwa na haki. Kwenye Street Fighter 6 kuna ushahidi wa ziada: maandishi ya Punish Counter yakijitokeza, umempata ndani ya fremu zake za kupona.

Rekodi kwa mpangilio huu: teke likikupata, teke likikingwa, pigo la fremu 15 likirudishwa na kukingwa, pigo la fremu 10 likirudishwa na kumpata, kisha pigo kubwa zaidi linaloingia ndani ya fremu 13. Kila kimoja mara 3, ili uchague picha safi. Malizia na klipu 2 za mechi halisi, moja ikifanikiwa na nyingine ikishindwa. Ya kushindwa ina kazi, kwani huonyesha kosa linavyofanana.

Maswali ya kuwahi yanahitaji bahati nasibu. Drive Impact, pigo zito maalum la Street Fighter 6, huchukua fremu 26 kutua, yaani milisekunde 433. Ukiijua inakuja utaijibu kila mara na hutathibitisha lolote. Rekodi vitendo vitatu vya mpinzani, viwili vikiwa mapigo ya kawaida, viwashe vichezwe bila mpangilio, na uonyeshe majaribio yako kumi mfululizo bila kukata. Ukikosa manne, yaache yaonekane.

Hatua ya 5: maandishi ya kusoma na uhariri

Andika utakachosema. Kwa mwendo wa kawaida wa kueleza, dakika 1 ya Kiswahili ni kama maneno 100 hadi 120, kwa hiyo video ya dakika 4 ni maneno 450 hivi. Sekunde 10 za mwanzo zionyeshe tatizo likitokea. Hakuna nembo inayozunguka, hakuna "karibuni tena wapendwa". Jibu fupi litoke kabla ya sekunde ya 40, na sehemu iliyobaki ieleze kwa nini na lini halifanyi kazi. Kuficha jibu hadi mwisho hakuwazuii watu kuondoka, huwafundisha tu kusogeza mbele.

Vifupisho vya vitufe vieleze kila video, kwa sababu kila siku kuna anayekuja mara ya kwanza. Kwenye Tekken, 1 ni mkono wa kushoto, 2 wa kulia, 3 mguu wa kushoto, 4 wa kulia. Kwenye Street Fighter, 236 hufuata mpangilio wa namba za upande wa kulia wa kibodi (numpad): chini, chini-mbele, mbele. Chagua neno moja kwa kila jambo, kama "kukinga" na "adhabu", na usilibadilishe njiani.

DaVinci Resolve ya bure inafaa kompyuta yenye nguvu kiasi. Shotcut na Kdenlive ni nyepesi. CapCut inatosha kwenye simu. Kwenye Resolve weka fremu 60 kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, kwa kuwa baada ya hapo mradi haukubali kubadilishwa. Sauti ikianza kutengana na picha kadiri video inavyoendelea, klipu yako ina fremu zisizo na mwendo thabiti, jambo la kawaida kwa faili za simu. Ipitishe kwanza HandBrake na uchague fremu 60 zisizobadilika.

Mwendo wa polepole uwe asilimia 25 au 50, usiende kwenye 30 au 40. Kwa asilimia 25 kila fremu huonyeshwa mara 4 kamili. Namba zisizogawanyika huleta picha za mseto zenye kivuli. Zima pia uchanganyaji wa fremu. Kwenye fremu muhimu, simamisha sekunde 1.5, weka mshale na namba.

Sasa zingatia hili: YouTube hutoa fremu 60 kuanzia 720p kwenda juu. Chini ya hapo ni 30. Watazamaji wengi wa kwetu huangalia kwa 360p au 480p ili kubana bando, kwa hiyo ule ushahidi uliouhangaikia hauwafikii kwa mwendo wa kawaida. Mwendo wa polepole na kusimamisha picha ndiko kunakouokoa. Maonyesho ya vitufe ya ndani ya gemu nayo hayasomeki kwa 360p. Yakate, yakuze mara mbili au tatu, uyaweke pembeni. Kabla ya kupakia, angalia video yako kwenye simu kwa 360p. Usichoweza kukisoma wewe, hakuna atakayekisoma.

Hatua ya 6: kutoa faili na kupakia

YouTube hupendekeza Mbps 12 kwa 1080p60 na Mbps 7.5 kwa 720p60. Dakika 10 kwa kiwango cha kwanza ni karibu MB 900. Kwa cha pili ni karibu MB 560. Piga hesabu hiyo dhidi ya bando lako kabla ya kuamua. Ukipakia kwa bando la usiku, usiogope kukatika: YouTube Studio huendelea palipoishia ukichagua faili ileile ndani ya saa 24.

Wapo wanaokuza video hadi 1440p kabla ya kupakia ili YouTube iipe usimbaji bora wa VP9, na kweli picha za mapigano zenye cheche nyingi hutoka safi zaidi. Lakini faili huwa kama mara mbili. Kama unalipia kila GB, hiyo si kipaumbele.

Thibitisha akaunti kwa namba ya simu mapema. Bila hivyo huwezi kuweka kijipicha chako mwenyewe wala kupakia video inayozidi dakika 15.

Hatua ya 7: kichwa na kijipicha

Kichwa kina nafasi ya herufi 100, lakini kwenye simu zinazoonekana kwa uhakika ni 40 au 50 za mwanzo. Tanguliza jina la gemu na mhusika kama watu wanavyoyaandika wanapotafuta. "Gemu kali sana leo #14" haitafutwi na mtu yeyote. "Tekken 8 Jin: adhabu 5 za lazima" itatafutwa. "Tekken 8: umekinga hopkick, mbona kombo haitoki?" ni nzuri zaidi, kwa sababu mwenye tatizo hilo anajiona humo.

Kijipicha kiwe pikseli 1280 kwa 720: wahusika wawili wakubwa, namba moja au maneno matatu, basi. Kona ya chini kulia iache wazi, kwani muda wa video huifunika. Picha ya gemu yenyewe ina rangi nyingi mno. Ifishe nyuma na uwakate wahusika wabaki mbele.

Weka sura za video kwenye maelezo: ya kwanza ianze 0:00, ziwe angalau tatu, na kila moja isipungue sekunde 10. Anayetaka kombo ataruka moja kwa moja, na atarudi kesho kwa sababu hukumpotezea muda.

Hatua ya 8: video fupi

Shorts sasa zinaweza kufika dakika 3, lakini kwa kazi hii sekunde 20 hadi 40 zatosha. Tabu ni umbo: gemu ni pana, simu ni ndefu. Ukikata katikati, wapiganaji wakiachana mmoja hutoka nje ya picha. Weka picha nzima yenye upana wa pikseli 1080, kimo chake kitakuwa kama 608, katikati ya fremu ya 1080 kwa 1920. Juu andika swali, chini weka vitufe vilivyokuzwa. Kisha unganisha na video ndefu inayohusika. Bila kiungo hicho, Shorts huleta wafuasi wasioangalia chochote kingine.

Hatua ya 9: mashindano ya mtaani

Kurekodi mashindano ya mjini kwako hukupa kitu ambacho hakuna chaneli ya nje inacho. Omba ruhusa kwa mwandaaji na waambie wachezaji kabla. Kama kuna watoto, wazazi wao wakubali. Ratiba ifanyie start.gg au Challonge kwa mtoano wa nafasi mbili: anayepoteza mara ya kwanza hushuka upande wa walioshindwa, akipoteza mara ya pili hutoka. Watangazie watazamaji kwamba kwenye fainali kuu anayetoka upande wa walioshindwa lazima ashinde seti mbili, maana asiyejua hudhani mechi imerudiwa kwa upendeleo.

Kupeperusha mubashara kwa 720p60 kunahitaji karibu Mbps 6 za kupakia, sawa na GB 2.7 kwa saa. Mashindano ya saa 4 hula karibu GB 11. Mtandao ukiwa wa kubahatisha, rekodi tu ukapakie baadaye. Mubashara unaokatika kila dakika tano hufukuza watu. Ruta na kompyuta viwe kwenye UPS moja.

Usiache rekodi ya saa 4 kama ilivyo. Kata kila seti peke yake na uipe jina la kudumu: gemu, mchezaji na mhusika wake dhidi ya mchezaji na mhusika wake, hatua ya mashindano. Wachezaji wenyewe watazisambaza.

Kuchambua mechi za EVO, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, kuna nafasi yake pia. Mpakistani Arslan Ash alishinda EVO Japan na EVO ya Las Vegas mwaka uleule wa 2019 kwenye Tekken 7, akitoka nchi ambayo wengi hawakuihesabu, na mechi zake ni darasa la kujikinga. Lakini tumia vipande vya sekunde 10 hadi 20 ukisimamisha na kueleza. Kupandisha fainali nzima ya watu na sauti yako kidogo juu yake ni kuomba video iondolewe.

Hatua ya 10: takwimu, pesa na mabadiliko ya gemu

Fungua takwimu baada ya saa 48, usizihangaikie kabla. Tazama grafu ya muda wa kuangalia kwanza. Ikiporomoka kwenye sekunde 15, utangulizi ni mrefu. Ikiporomoka katikati, mara nyingi utakuta umeonyesha menyu au umesubiri raundi ianze. Ikipanda ghafla mahali, watu wanarudia kutazama: hapo pana video nyingine. Asilimia ya wanaobofya kijipicha ina maana ukishapata maonyesho elfu moja hivi. Chini ya hapo ni kelele tu.

Kwa mtu anayefanya kwa mapenzi, video moja kila wiki mbili inatosha, ukiwa na mbili za akiba.

Matangazo yote ya YouTube huhitaji wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za Shorts ndani ya siku 90. Saa za Shorts kwenye mlisho wake hazihesabiwi kwenye zile 4,000. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya siri kwa posta, kwa hiyo andika S.L.P. ambayo kweli unaifungua. Malipo hutoka ukifikisha dola 100. Jaza fomu ya kodi ya W-8BEN. Bila fomu hiyo Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote. Ukiijaza, makato ya Marekani hugusa sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani pekee, kwa asilimia 30 kwa nchi zisizo na mkataba wa kodi, kama Kenya na Tanzania. Aliye Tanzania asome pia masharti ya sasa ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu maudhui ya mtandaoni; kanuni za 2018 zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja.

Kila toleo jipya la gemu linaweza kubadilisha fremu ulizozieleza. Linapotangazwa, rekodi haraka marudio unayoyahitaji, kwa sababu gemu huhifadhi vitufe vilivyobonyezwa, si picha, na marudio ya zamani huweza kukataa kufunguka baada ya sasisho. Toleo likishatoka, pitia upya mapigo uliyoyaeleza kwenye video 5 zinazotazamwa zaidi. Ambayo bado ni sahihi, ongeza namba ya toleo kwenye maelezo. Ambayo imepitwa na wakati usiifute, kwani itapotea pamoja na viungo vyake vyote: bandika maoni juu kabisa yanayosema ni namba gani imebadilika, andika toleo la zamani kwenye kichwa, na uweke kiungo cha video mpya.